Mtaro mmoja, milango mingi: Jinsi mji wa Lamu unavyotawaliwa

BAHARI inapojaa wakati wa bamvua, maji ya chumvi hupanda mitaro ya Lamu kinyumenyume na kukutana na maji ya kuogea na ya jikoni yateremkayo kutoka majumbani. Kwa muda wa saa moja au mbili hakuna kiendacho popote. Watoto waelekeao madrasa huruka dimbwi, punda aliyebebeshwa mchanga husitasita ukingoni, na mwenye duka karibu na ukuta wa pwani huchukua fagio, akausukuma uchafu mpaka mbele ya duka la jirani. Maji yakipwa, mambo hurudi yalivyokuwa, ila taka zilizonasa mtaroni.

Swali wanalojiuliza wenyeji kila hali hiyo inapojiri ni jepesi kutamka: ni kazi ya nani kuuzibua mtaro huo? Jibu lake si jepesi. Katika mji huu mdogo, uchochoro mmoja ambao mtu akinyoosha mikono hugusa kuta za pande zote mbili huweza kuwa chini ya mamlaka nne au tano zenye sheria tofauti, bajeti tofauti na wakubwa tofauti. Makala haya yanaeleza mamlaka hizo ni zipi, zimetokana na nini, na mkazi mwenye lalama anapaswa kubisha mlango upi.

Kwanza sharti mji wenyewe ueleweke. Mji wa Kale wa Lamu una ukubwa wa karibu hekta 16 pekee. Nyumba zake zimejengwa kwa matumbawe na boriti za mikoko, na mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya Turathi za Dunia kuwa makazi ya Waswahili yaliyo makongwe zaidi na yaliyohifadhika vyema zaidi katika Afrika Mashariki. Gari haliingii humo. Saruji, mitungi ya gesi, magunia ya unga, samani za arusi na hata taka hubebwa na punda, mikokoteni au mabega ya watu. Mji wa namna hii hauwezi kuendeshwa kwa kanuni zilizoandikiwa Thika au Nakuru, ambako lori la taka husimama mlangoni pa mtu. Hilo ndilo jambo ambalo sheria za serikali za mitaa nchini, za zamani na za sasa, hazijawahi kulitilia maanani ipasavyo.

Mitaro yenyewe ina hekima yake. Wajenzi wa kale waliyatenga maji ya kuogea na ya jikoni, yakapita mitaroni hadi pwani, na uchafu wa choo ukawa na shimo lake refu chini ya nyumba. Ndani ya birika la maji waliwafuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, desturi ambayo mabwana afya wa leo wangeweza kuisifu. Lakini mfumo huo ulibuniwa katika zama ambazo maji yalitekwa kisimani kwa ndoo na familia ikayatumia kwa hesabu. Yalipokuja mabomba, vyoo vya kuvuta maji na nyumba za wageni zenye vyumba vya kuogea kila orofa, mtaro uleule ulitakiwa kubeba maji maradufu, na juu yake karatasi, chupa na mabaki ya chakula.

KUTOKA YUMBE HADI KAUNTI

Watu wa Lamu hawakuanza kujitawala jana. Kabla ya Waomani kuushika mji, mambo yake yaliamuliwa na baraza la wazee waliokutana katika jumba lililoitwa Yumbe. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, wakubwa wa mji waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ujenzi wa Ngome ukakamilika mwaka 1821. Tangu hapo mtawala alikuwa liwali, naye hakuchaguliwa na wenyeji. Uingereza ilipotangaza himaya yake mwaka 1895, ukanda wa pwani uliendelea kuhesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi uhuru wa Kenya mnamo Desemba 1963, na liwali, kadhi na mudiri wakafanya kazi sambamba na mkuu wa wilaya Mwingereza.

Baada ya uhuru ulikuja mfumo wa mabaraza uliodumu chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, maarufu kama Sura ya 265. Lamu haikuwa na baraza la mji wala la manispaa. Ilikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Lamu, lililohudumia wilaya nzima. Msomaji asichanganye mambo hapa. Baraza hilo la kaunti halikuwa serikali ya kaunti ijulikanayo leo. Lilikuwa kundi la madiwani na karani, nalo likiwajibika kwa waziri jijini Nairobi.

Nguvu zake zilipunguzwa mapema. Sheria ya Kuhamisha Majukumu ya mwaka 1969 iliyanyang'anya mabaraza ya kaunti kote nchini shule za msingi, huduma za afya na barabara, ikayaachia masoko, vichinjio, taka na ushuru wa mazao. Hazina ya mabaraza ikabaki tupu kwa miongo mitatu. Nafuu ilikuja mwaka 1999 ilipoanza kutolewa LATF, mgao wa asilimia tano ya kodi ya mapato uliogawiwa mabaraza, na miaka michache baadaye wananchi wakaanza kuitwa mikutanoni kupendekeza miradi ya fedha hizo.

Mabaraza hayo hayakupendwa. Kote nchini yalilaumiwa kwa ufisadi, kwa kuajiri jamaa za madiwani na kwa askari wa kanju waliopindua meza za akina mama wauza mboga. Si haki, hata hivyo, kulisahau jambo moja: kila mtu aliujua mlango wa karani. Mtaro ukiziba, mkazi aliondoka kwake kwa miguu, akafika, akamkuta mtu wa kulaumu. Mabaraza yote 175 ya nchi yalikoma baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, na majukumu yake yakaingia mikononi mwa serikali 47 za kaunti.

KAUNTI NA MANISPAA

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaorodhesha kazi za kaunti, na orodha hiyo inasomeka kama siku nzima ya mkazi wa mji mdogo: kuzoa taka na kutunza majaa, masoko, leseni za biashara, taa za barabarani, maji na majitaka, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, makaburi, kuzima moto, leseni za vileo, hata utunzaji wa wanyama. Kwa maneno mengine, karibu kila kinachomgusa mtu tangu atoke kitandani mpaka arudi ni kazi ya gavana na bunge la kaunti.

Shida ni kwamba kaunti si mji. Lamu ina wadi kumi, kutoka Kiunga mpakani mwa Somalia hadi Witu, na mji wenyewe umegawika kati ya wadi mbili, Mkomani na Shella. Katika bunge la kaunti, waliochaguliwa kuusemea ni wawili kati ya kumi. Mwakilishi wa Witu au wa Hongwe ana barabara yake ya vumbi ya kupigania, na wa Basuba ana zahanati na shule zilizoathiriwa na ukosefu wa usalama. Hakuna ubaya wowote katika kupigania kwao. Ni sababu tu inayoeleza kwa nini mtaro wa Langoni unaweza kukosa nafasi katika bajeti mwaka baada ya mwaka.

Tena keki yenyewe ni ndogo. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kati ya Sh370 bilioni zilizogawiwa kaunti zote, Lamu ilipata takriban Sh3.1 bilioni, mgao mdogo kuliko wa kaunti nyingine yoyote. Mapato yake ya ndani nayo yamekuwa miongoni mwa ya chini kabisa nchini. Kodi ya majengo, ambayo ndiyo nguzo ya miji mingine, haikusanyiki kwa urahisi mahali ambapo nyumba nyingi ni za urithi usiogawanywa, nyingine ni wakfu, na hati za nyingine hazijawahi kuandikwa.

Wabunge walitambua kwamba miji ingekosa mwenyewe, ndiposa wakapitisha Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Sheria hiyo ilitaka eneo liwe na watu 250,000 ndipo liitwe manispaa. Sharti hilo lilikuwa kichekesho kwa Lamu: katika sensa ya 2019, kaunti nzima, visiwa na bara, ilikuwa na watu 143,920. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliishusha idadi hiyo hadi 50,000, na mji ulio makao makuu ya kaunti ukaruhusiwa kupewa hadhi ya manispaa hata ukiwa na watu wachache zaidi. Msukumo mwingine ulikuwa wa fedha. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola 300 milioni za Kimarekani kwa mpango wa kusaidia miji, uliolenga miji 59 katika kaunti 45, nao ulitaka kila mji uwe na hati ya kuanzishwa kwake, bodi na msimamizi. Ni katika mkondo huo ambapo miji mingi midogo nchini ilipata manispaa, Lamu ikiwamo.

Bodi ya manispaa si baraza la madiwani la zamani. Wanachama wake hawapigiwi kura na wakazi. Huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti, ingawa sheria inatoa nafasi kwa vyama vya wafanyabiashara wadogo, wataalamu na wakazi kupendekeza majina. Bodi haina mamlaka ila yale iliyokabidhiwa na kaunti. Msimamizi wa manispaa ndiye anayefanya kazi ya kila siku aliyoifanya karani, lakini mkoba wa fedha unaweza kubaki katika hazina ya kaunti. Malalamiko ya bodi nyingi nchini yamekuwa hayo: zimepewa jina na muhuri, ila kazi zenyewe na bajeti zake hazijakabidhiwa kikamilifu.

KUTOKA GATINI HADI MLANGONI

Ili kuona mipaka ya mamlaka hizi, inatosha kumfuata mtu anayeshuka mashuani akitoka Mokowe, upande wa bara.

Hatua yake ya kwanza ni gatini. Bandari ndogo za pwani, ikiwemo hii, ni za Halmashauri ya Bandari Kenya, KPA. Usalama wa mashua aliyosafiria na jaketi okozi alilovaa, au alilostahili kuvaa, ni wa halmashauri nyingine inayosimamia safari za majini. Akipanda hadi barabara ya pwani amekanyaga eneo la kaunti. Muuza mihogo na samaki aliye hapo hulipa ada iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa upya kila mwaka, naye ana haki ya kuonyeshwa kifungu kinachotaja kiasi anachotozwa na kupewa risiti yake. Askari anayeikagua risiti hiyo ni wa kaunti, japo watu bado humwita kanju. Askari wa polisi aliyesimama karibu naye ni wa serikali ya kitaifa, sawa na chifu.

Mbele yake kuna uwanja wa Mkunguni na nyuma ya uwanja ni Ngome, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984 kisha ikakabidhiwa Makavazi ya Kitaifa. Mamlaka ya Makavazi hayaishii kwenye kuta za Ngome. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1986, na chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 mwenye nyumba haruhusiwi kubomoa, kuongeza orofa wala kubadilisha sura ya nje bila idhini. Idhini hiyo haimwondolei wajibu wa kupata kibali cha ujenzi kutoka kwa kaunti, kinachohitajika chini ya sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Vibali viwili, afisi mbili, na mafundi wamekwisha kulipwa kianzio.

Akiingia Usita wa Mui, barabara kuu ya ndani, atapita msikiti. Msikiti wenyewe, kisima chake na pengine maduka mawili yanayoukodishia ni wakfu, na mali ya wakfu ina tume na wasimamizi wake ambao hawamjibu gavana. Taa iliyo juu ya kichwa chake hulipiwa na kaunti, ila nguzo na umeme ni vya Kenya Power. Bomba linalovuja ukutani ni la kampuni ya maji. Shule ya msingi iliyo kichochoro cha pili ni ya serikali ya kitaifa. Chekechea iliyo ndani ya ua huohuo ni ya kaunti.

Sasa uchukuliwe mfano wa kawaida kabisa. Mtu anaongeza orofa, anaacha kifusi uchochoroni, mvua ya masika inakisomba mpaka mtaroni, mtaro unaziba, maji machafu yanajipenyeza kwenye kisima cha msikiti. Orofa ni suala la Makavazi na idara ya mipango. Kifusi na mtaro ni vya manispaa. Kisima ni cha wasimamizi wa wakfu. Maradhi yakizuka, ni ya afisa wa afya ya umma wa kaunti, na uchafu ukifika baharini NEMA nayo ina neno. Kila afisi ikimwambia mlalamishi kwamba sehemu kubwa ya shida iko kwingine, itakuwa imesema kweli, na mtaro utabaki umeziba.

TAKA, PUNDA NA PIKIPIKI

Pahali ambapo lori haliingii, uzoaji wa taka ni kazi ya miguu. Wafagiaji hukusanya uchafu vichochoroni, mikokoteni na punda wakaubeba hadi nje ya Mji wa Kale. Gharama yake kwa kila gunia ni kubwa kuliko mahali penye lori, na hakuna fomula ya ugavi wa fedha za umma inayoihesabu tofauti hiyo. Kisiwa nacho hakina ardhi ya kupoteza: jaa likijaa, la pili lazima liwe karibu na makazi ya mtu, na mvua na upepo huurudisha baharini uchafu uliokwisha kulipiwa kuondolewa.

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017, pamoja na faini yake ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, ilipunguza mifuko, haikugusa chupa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mwenye nyumba kutenganisha takataka zake na kuitaka kaunti kuwa na vituo vya kuzichambua. Kati ya majaribio ya wenyeji, lililojulikana zaidi duniani ni jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki na kandambili zilizookotwa fuoni, likatweka tanga mwaka 2019 kutoka Lamu hadi Unguja. Mafundi wa jahazi wa Lamu walionyesha kwamba taka ni mali ghafi. Hata hivyo, jahazi moja halizoi taka za mji. Hilo bado ni jukumu la idara yenye bajeti.

Waathiriwa wasiosema ni punda. Wengi huachwa kujitafutia chakula baada ya kazi, wakala majaani, na plastiki ikawaziba matumbo. Shirika la Donkey Sanctuary kutoka Uingereza limekuwa likiwatibu bila malipo tangu lilipofungua kituo chake mjini mwaka 1987. Ni wachache wanaojua kwamba utunzaji wa wanyama ni jukumu la kaunti kikatiba. Hisani ya wageni ikidumu miaka mingi, huja ikasahaulisha nani anayepaswa kutoa huduma.

Pikipiki zimeleta ugomvi mwingine. Kaunti ilizipiga marufuku ndani ya Mji wa Kale kwa kuhofia hadhi ya turathi na usalama wa watembea kwa miguu. Kijana anayeishi kwa kubeba abiria ana hoja yake, kwa kuwa nje ya kuta za zamani kisiwa kimepanuka na mgonjwa hawezi kungoja punda. Hoja hiyo ingekwisha zamani lau mipaka ingechorwa wazi na vituo vya bodaboda vikajengwa pembezoni.

MAJI YA CHINI YA MCHANGA

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Maji matamu ya Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shella. Mvua huzama mchangani, ikafanya tabaka jepesi la maji matamu linaloelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya wataalamu wa maji ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Kinyume chake ni kweli pia: yakivutwa kupita kiasi yakashuka mita moja, chumvi hupanda mita 40. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha huchukua miaka mingi ya mvua na subira.

Kwa sababu hiyo, nyumba inayojengwa juu ya vilima hivyo si suala la mwenye kiwanja peke yake. Kila paa na kila sakafu ya saruji huzuia mvua kuzama, na kila shimo la choo hulipenyezea tabaka hilo uchafu. Hapa tena milango ni mingi. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Lamu huyasambaza maji, lakini haiwezi kupandisha bei bila idhini ya bodi ya kitaifa inayodhibiti huduma za maji. Kibali cha kuchimba kisima hutolewa na mamlaka ya rasilimali za maji. Ardhi ina afisi yake. Kati ya huduma zote za mji huu, hii ndiyo isiyoweza kungoja afisi zielewane.

WAPI PA KUSEMEA

Wakazi wa Lamu si wageni wa kudai haki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ya LAPSSET ulikiuka haki yao ya kupata habari, kushirikishwa na kuhifadhi utamaduni wao, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mnamo Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangiwa Kwasasi kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Ni ajabu kwamba mji uliosimamisha mtambo wa makaa unashindwa na mtaro. Lakini sababu si ngumu kuiona: mtambo ulikuwa na mwenyewe, leseni moja na tarehe moja ya kukatiwa rufaa. Mtaro hauna.

Kwa hivyo mkazi hana budi kuuandikia mwenyewe. Barua iende kwa msimamizi wa manispaa, nakala kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, na nakala ya kubaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Endapo swali ni la fedha, kwa mfano kiasi gani kilitengewa mitaro na kilitumikaje, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 za kujibu, na ikinyamaza lalama hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti.

Muhimu kuliko barua ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili bajeti ianze kutumika Julai. Mradi usiotajwa katika mpango wa Septemba ni vigumu kuingizwa Aprili, na watu wengi hujitokeza Juni, mambo yakiwa yamekwisha kupikwa na kupakuliwa. Mikutano ya kukusanya maoni hutangazwa kwa muda mfupi, tena mara nyingine kwa lugha ya makaratasi. Wakazi wanaweza kudai stakabadhi mapema, na kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na lugha rasmi.

Na anayeandika barua yake leo na ahesabu vizuri. Bamvua huja kila baada ya majuma mawili hivi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kabla ya siku 21 za kujibiwa kwisha, bahari itakuwa imepanda mtaroni mara moja, pengine mbili.